Nyanya zimekuwa nyeusi asubuhi moja, shida ni mbolea?

SWALI: Shikamoo Mama Bustani. Niko Columbus, Ohio, bado mgeni mgeni huku. Katikati ya mwezi wa nne jua liliwaka vizuri mpaka watu wakatoka na tisheti, nami nikatoa miche ya nyanya niliyoatika dirishani nikaipanda nyuma ya nyumba, na mbegu za mchicha na bamia nikamwaga hapohapo. Wiki ileile naamka asubuhi majani yote meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Mchicha na bamia hata haujaota mmoja. Ila sukuma wiki ya jirani haijaguswa! Niongeze mbolea?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mbolea haihusiki kabisa, hela yako kaa nayo. Hiyo ni jalidi, baridi ya usiku inayogandisha maji kwenye majani. Jua la springi, yale majira yanayofuata baridi, linadanganya, mchana joto linafika hata digrii 20 za Selsiasi lakini usiku ukiwa mweupe, hakuna wingu wala upepo, joto la ardhi lote linapaa na baridi inatulia chini kabisa huko miche iliko, ndo maana simu inaweza kukuambia digrii 3 na bado ukakuta barafu kwenye majani. Maji ya ndani ya jani yakiganda jani limekwisha. Sukuma ni ukoo wa kabeji, hiyo baridi inavumilia, tena inazidi kuwa tamu. Mwezi wa nne panda hiyo, na njegere, vitunguu, spinachi.

Mchicha na bamia ni habari ya udongo, siyo ya hewa. Mbegu hizo zinataka udongo wa digrii 18 hivi kwenda juu, ukiwa baridi halafu umelowa mvua zinaoza tu chini. Kamata udongo ufinye, ukibaki donge linalotoa maji usiguse jembe kwanza, utaufanya tofali.

Wenyeji wengi wa huko nyanya wanasubiri Sikukuu ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya Mei, bamia mi ningesogeza mbele hata wiki mbili zaidi. Kabla ya kupandikiza, kama wiki nzima hivi, toa miche nje kivulini masaa machache, jioni rudisha ndani, kila siku unaongeza muda na jua kidogo. Miche ya dirishani ni laini sana, ukiitupa juani ghafla inababuka hata bila baridi.

Hiyo iliyoungua, kwaruza shina kwa kucha. Kama chini bado ni kijani kata palipokufa uipe muda inaweza kuchipua, kama shina limekuwa teketeke ng'oa, ununue miche mingine Mei.

Baridi ikirudi wakati ushapanda, funika na shuka kuukuu kabla jua halijazama, lifike mpaka chini, asubuhi utoe. Nailoni hapana, pale inapogusa jani panaungua vilevile.