Ushuru umeondoka, mbona maembe yangu yakataliwa?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mimi hununua maembe Kilifi nauza Kongowea. Nasikia Ulaya siku hizi hatulipi ushuru, sasa mbona wakala wa kupeleka nje ayakataa yangu na vile yalivyo matamu? – Msomaji, Kongowea

JIBU: Marahaba mwanangu. Ushuru kweli si tatizo, mkataba wetu na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 1, 2024, lakini utamu haupimwi bandarini, kinachopimwa ni mdudu na dawa. Nzi wa matunda hutaga mayai ndani ya ngozi ya embe, wewe waliona zuri nje kumbe ndani mna funza, na akipatikana kule basi mzigo wote huenda ukaharibiwa, ndo maana Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 ikakaa hivo hadi 2021. Miaka saba! Na hakuna aliyepandisha ushuru hata shilingi.

Ukipulizia dawa nyingi ili umuue huyo nzi pia wanaswa, mana kuna kiwango cha masalio ya dawa, mishiri yetu, yale maharagwe mabichi ya maganda, ilibanwa hapo 2013.

Kinachoniuma mimi ni gharama, mwenye miti kumi na mwenye shamba kubwa wote wadaiwa vipimo na cheti cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea. Kwa hivo ongea na wakulima wako wajiunge kikundi, watege mitego ya nzi, waokote maembe yaloanguka wayafukie chini kabisa, na kila dawa iandikwe tarehe yake daftarini. Wakala ataanza kuulizia hilo daftari.