Maswali ya Wasomaji: Gofu la Mkomani, Nyumba za Kupangisha na Mji wa Kutembea

SWALI: Assalaam alaikum, Mhariri. Marehemu babu yetu ametuachia gofu mtaa wa Mkomani, hapa Lamu. Dari zimeanguka lakini kuta zingali zimesimama. Warithi ni wengi: wako wanaotaka tumuuzie mgeni, na wako wasemao kila mtu akajenge kwake, mtaa wa Kashmir au ng’ambo Mokowe. Mimi naona tujenge pale pale nyumba za kupangisha familia. Je, nyumba mpya zaweza kuurudishia uhai mji wa kale? — Msomaji, Lamu

JIBU: Wa alaikumu salaam, ndugu yetu. Zaweza, na rai yako ndiyo ninayoiunga mkono. Kinachouweka mtaa hai ni watu wanaolala humo: wanaonunua mkate alfajiri, wanaopeleka watoto madrasa, wanaojaza safu za msikiti wakati wa Isha. Nyumba iliyonunuliwa na mtu wa mbali, kisha ikafungwa sehemu kubwa ya mwaka, huenda ikawa imekarabatiwa kwa ufundi wa hali ya juu, lakini mwenye duka jirani hana wa kumuuzia, na jioni dakani, barazani penye mlango wa nyumba, hakuna wa kuitikia salamu.

Jambo hili limeisumbua miji mikubwa pia. Nchini Marekani, baada ya Vita Vikuu vya Pili, familia nyingi zilihamia pembezoni kwa kufuata barabara kuu za magari, na katikati ya miji kukabaki ofisi zinazofungwa jioni. New York, mwaka 1995, ilianza kutoa nafuu ya kodi kwa wenye majengo ya ofisi kusini mwa Manhattan ili wayageuze kuwa makazi, na mitaa iliyokuwa ikilala mapema ikapata wakazi.

Lamu haina haja ya kuanza mbali hivyo, kwa kuwa njia za kutembea tunazo tayari. Mji wa kale, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una takriban hekta 16 tu, na ndani yake soko, ngome, misikiti na gati vyote hufikiwa kwa miguu. Wala wazee wetu hawakuogopa kujenga kwa kubanana. Binti alipofikia kuolewa, baba aliyejaaliwa alimwongezea ghorofa juu ya nyumba yake, au alivusha wikio juu ya njia, chumba kinachounganisha nyumba mbili, ili wanawake watembeleane bila kushuka chini, na mpita njia naye akapata kivuli. Kwa hiyo anayedai kwamba kuongeza makazi ndani ya mji ni kuuharibu, aitazame kwanza mitaa yenyewe ilivyojengwa.

Kabla ya kumwita fundi, malizeni mirathi kwa Kadhi. Ardhi ikiwa na hati, sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila ghorofa kuwa na hati yake, jambo linaloweza kuwaondolea warithi ugomvi wa kuuza au kutouza. Kibali mtakihitaji kutoka kaunti, na Makumbusho ya Taifa lazima washirikishwe mapema. Kuta za mawe ya matumbawe zipigwe lipu ya chokaa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya muda ukuta huanza kubambuka. Dari za boriti hubeba chumba chembamba, kama mita tatu hivi, basi mwambieni mchoraji apange vyumba kwa kipimo hicho asilazimishe sebule pana. Fikirini pia maji na choo, kwa sababu maji matamu ya mji hutoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na kila familia inayoongezeka huongeza mahitaji. Mkishajenga, nawasihi mpangishe kwa mwaka, kwa familia; mkiwakodisha watalii kwa usiku mmoja mmoja, mtaa utabaki mtupu kama ulivyokuwa.

SWALI: Mhariri, mwasifu kutembea, lakini mimi ni mzee na magoti yamechoka. Bodaboda ndiyo inayonifikisha hospitali. Mwataka tufungiwe nyumbani? — Mzee wa Langoni

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hasha, na malalamiko yako ni ya haki. Hata hivyo, katika njia yenye upana wa punda aliyebeba mzigo, mama mwenye mtoto mkononi hana pa kuikimbilia pikipiki. Kulia ni ukuta, kushoto ni ukuta. Naona bodaboda zikomee kwenye vituo vya pembezoni, na wakati huo huo mitaro ifunikwe, vidato vilivyovunjika vitengenezwe, na viti vya magurudumu viwekwe kila mtaa kwa ajili ya wagonjwa. Kupiga marufuku bila hayo ni kuwaonea wazee. Aidha, zahanati na duka la dawa vikisogezwa karibu, safari yenyewe hupungua. Profesa Carlos Moreno wa Paris amelieneza wazo hili kwa jina la mji wa dakika 15, yaani kila hitaji la kila siku lipatikane ndani ya muda huo kwa miguu au kwa baiskeli.

SWALI: Hapa Malindi wenye maduka wanapinga njia ya waendao kwa miguu, wakidai maegesho yakipungua wateja watahama. Tuwajibu nini? — Mwalimu, Malindi

JIBU: Mwalimu, waombeni wakae mlangoni siku moja ya soko wawahesabu wanaoingia: wangapi wameshuka kwenye gari lao wenyewe, na wangapi wamekuja kwa miguu, kwa tuktuk au kwa bodaboda. Hesabu hiyo waifanye wenyewe, maana ndiyo watakayoiamini. Kisha ombeni kaunti ianze na mtaa mmoja tu, wenye kivuli, kwani jua la saa saba halimruhusu mtu kutembea juu ya lami tupu. Mwarobaini hukua vizuri Malindi na hauhitaji maji mengi ukishashika. Tuktuk zitengewe mahali pa kushushia abiria kwenye ncha zote mbili za mtaa. Na wenye majengo washawishiwe kujenga makazi juu ya maduka yao, kwa sababu mpangaji wa ghorofani hushuka kununua unga na sukari hata siku ambayo hakuna mtalii mjini, wala haulizi pa kuegesha.