Madogo wa kamera, msiisafishe mibuyu

Nimekaa kimya muda mrefu ila kwa niliyoyaona msimu huu wacha niseme tu. Madogo mnaoanza kupiga picha za miti na mandhari hapa Dodoma, nawapenda sana, nafurahi kila nikiona mtu kaacha usingizi wake wa Jumapili kashika kamera kaelekea Ntyuka au Hombolo, lakini makosa mnayofanya ni yaleyale tuliyofanya sisi tulipoanza na zile Canon za mtumba za Kariakoo, na sioni kwa nini kila anayeanza ayarudie upya. Mnafika kwenye mbuyu saa nne asubuhi anga limeshakuwa jeupe, mnapiga picha kibao mmesimama sehemu moja, mnarudi nyumbani mnabandika anga lingine kwa programu ya simu, halafu mnasema Dodoma haina mandhari, picha nzuri ziko Serengeti na Kilimanjaro. Dodoma ina mandhari jamani. Tena iko dakika ishirini kwa bodaboda kutoka mlangoni kwako.

1. Jua la huku si jua la kwenye video

Video nyingi mnazojifunzia zimerekodiwa Ulaya na Marekani, kule jua linashuka kwa mshazari, linachukua muda wake, ndo maana jamaa anapiga stori, anafungua begi, anakunywa chai, na bado mwanga wa dhahabu upo palepale unamsubiri. Sisi tuko digrii 6 tu kusini mwa ikweta, jua linashuka karibu wima, ukiona limebakiza digrii 6 kugusa upeo wa macho una kama dakika 25 basi limezama, na baada ya hapo dakika ishirini na kitu ni giza. Dodoma linazama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima, halibadiliki sana, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kufika mtini saa 12:20 anahema, ndo kwanza anatafuta sahani ya tripodi, kile kibati cha kufungia kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kwenye mfuko wa suruali. Fika saa kumi na moja. Uzunguke huo mti wote, mara mbili ikibidi, uchague upande wako, uweke kamera, halafu usubiri kwa raha zako.

Na ukiniuliza mimi asubuhi ni bora kuliko jioni, hasa kuanzia Julai mpaka Oktoba, maana jioni vumbi lote la mji liko hewani na upepo umeshapiga mchana kutwa.

2. Halafu jua halizami sehemu moja

Hili limewaumiza wengi. Kuna dogo mmoja aliona picha ya jua limekaa katikati ya panda ya mbuyu, picha nzuri kweli, ya mwezi wa sita, akaenda mpaka kwenye ule mti mwezi wa kumi na mbili, akasimama palepale aliposimama mwenzake, na jua likaenda kuzama kushoto huko juu ya paa la bati la mtu. Akadhani kakosea mti! Hakukosea mti. Kati ya Juni na Desemba sehemu ya jua kuzama inahama kama digrii 47, kutoka kaskazini ya magharibi mpaka kusini ya magharibi. Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, upana wa ngumi ni kama digrii 10, kwa hiyo hapo tunaongelea karibu ngumi tano za upeo wa macho, na hizo ngumi tano ndo zinaamua kama jua litakuwa nyuma ya mbuyu wako au nyuma ya nyumba ya jirani. Kuna programu za simu zinakuonyesha mstari wa jua kwa tarehe yoyote, za bure zipo, tumieni.

Na mchana? Mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba jua linapita utosini kabisa, mti haumwagi hata kivuli cha kuegemea. Siku hizo mchana kalale.

3. Lenzi pana inauonea mbuyu

Mbuyu ni mnene, kwa hiyo unaona ufumbuzi ni kusogea karibu na kupanua lenzi mpaka milimita 18, matokeo yake shina linatoka limevimba chini kichwa kimekuwa kidogo, na mti uliokuvutia kwa ukubwa wake unaonekana mdogo. Rudi nyuma. Rudi tena. Tumia 50 au hata 85 kama unayo, na acha ndani ya picha kitu ambacho macho yanakijua kipimo chake, mtu, baiskeli, mbuzi, chochote, maana bila hicho hakuna atakayejua kama huo mti wanaukumbatia watu wawili au watu kumi.

Mengine ya haraka haraka: tundu la lenzi weka f/8 mpaka f/11, wepesi wa kamera kunasa mwanga ISO 100, taima ya sekunde 2 ukiwa kwenye tripodi. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana. Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga, kioo cha kamera kinadanganya juani. Usibadili lenzi kwenye upepo wa Agosti, na ikibidi elekeza mdomo wa kamera chini. Wa simu, bonyeza na kushikilia mpaka fokasi ijifunge halafu shusha mwanga kidogo, anga litarudi.

4. Mbuyu una mwenyewe

Hata ukiuona umesimama peke yake porini, una mwenyewe. Uko kwenye shamba la mtu, au watu wanachuma majani yake ya mboga, au ni mahali pa tambiko na wazee wana taratibu zao pale. Hamuwezi kushuka kwenye boda na mamiwani yenu mkaanza kupanda mizizi kabla hamjasalimia nyumba ya kwanza. Shikamoo, tunatokea mjini, tunaomba kupiga picha mti. Basi, inatosha, tena mara nyingi mzee anaacha kazi yake anakuja mwenyewe kuwaonyesha upande mzuri, na mzee huyo anaujua ule mti kuliko nyie, anajua mwaka gani tawi lile lilianguka na nani alipigilia vile vigingi vya miti vya kupandia juu. Na msipige piga shina wala kuchungulia kwenye matundu kwa fujo, mbuyu wenye uwazi ndani mara nyingi una nyuki. Ukisikia mvumo, ondoka taratibu.

5. Msiwafute watu

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, maana juzi nimemuona dogo mmoja ambaye ana jicho zuri kuliko sisi wote tulivyokuwa kwenye umri wake, amekaa chini ya mti anafuta kwa kidole kwenye simu wanawake wawili waliokuwa wamepumzika na ndoo zao, anasema "naondoa uchafu". Sikulala vizuri siku hiyo.

Nilipoanza kulikuwa na mbuyu upande wa Ihumwa, kabla majengo hayajawa mengi kama sasa. Nilikuwa naupita kila mara, na nikishika kamera ndo mti wangu wa kwanza kwenda, nilijifunzia pale kila kitu. Gome lake asubuhi jua likiligonga kwa pembeni lilikuwa la kijivu lenye wekundu ndani yake, lina makovu mapana yaliyojifunga pale watu walipobandua kamba zamani, na upande mmoja kulikuwa na vigingi vya kupandia ambavyo mti ulishavimeza, vimebaki ncha tu. Chini yake alikuwa anakaa mama mmoja anauza uji asubuhi. Alikuwa na benchi fupi, ndoo ya bluu yenye mfuniko, na vikombe vya plastiki amevipanga kwenye ubao. Nilikuwa nakunywa uji wake, tunaongea, ananiita mwanangu wa picha, ananiuliza hivi mti huo huo kila siku huchoki?

Na kila picha niliyopiga nilimtoa. Mara nyingine nilisubiri ainuke. Mara nyingine nilizunguka nyuma ya shina ili shina limfiche. Na akiingia kwenye fremu nilimfuta nyumbani, yeye, benchi, ndoo, mbuzi waliokuwa wanalala kwenye mizizi, rundo la matofali la jirani, vyote, mpaka mbuyu ukabaki peke yake kama haujawahi kukaliwa na mtu. Halafu nikaweka mawingu ya zambarau ambayo Dodoma haijawahi kuyaona. Nilijua hiyo ndo picha. Na kwa sababu memori kadi ilikuwa ndogo nilikuwa napiga JPEG, faili lililobanwa, tena saizi ya chini, nikishapost naformati kadi, asili sikuwa natunza hata moja.

Mama akafariki. Na mti haukukaa sana baada yake, eneo lilipimwa viwanja ukaangushwa. Hamjawahi kuona mbuyu ulioanguka labda, hauachi gogo la kupasua mbao. Ule mti ndani umejaa maji na nyuzi, ndani ya muda mfupi unalainika unasinyaa, mwisho unakuta rundo la nyuzinyuzi chini na mbuzi wanapita juu yake. Nilipokwenda na kamera nilikuta hivyo.

Kijana wake alinitafuta. Alikuwa anajua kwamba nilikuwa nashinda pale. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba nyumbani wana picha za mama za harusini na ya kitambulisho, ila hawana hata moja akiwa pale kwenye uji wake, na uji ule ndo uliomsomesha yeye na wadogo zake, kaka naamini wewe utakuwa nazo nyingi. Jamani. Nilipekua simu, laptopu ya zamani, picha nilizowatumia watu kwa WhatsApp, nikaenda mpaka kwa fundi ajaribu kurudisha vitu kwenye kadi. Zikarudi vipande vipande, nusu fremu na mistari ya kijani. Katika moja, pembeni chini kushoto, ipo ndoo ya bluu, ubao wenye vikombe, na mkono wake umeshika kikombe kutoka kwenye kiwiko. Uso haupo, fremu ilikuwa imemkata kwa sababu nilikuwa nimemkata kwa makusudi. Niliisafisha nilivyoweza nikaichapisha nikampelekea. Aliipokea kwa mikono miwili akaniambia asante kaka, huu ni mkono wake kweli, hii saa nilimnunulia mimi.

Sijawahi kupewa asante nzito kama hiyo na sitaki nyinyi mpewe ya namna hiyo.

Kwa hiyo mkitaka picha ya mti peke yake pigeni, hakuna ubaya, lakini pigeni na nyingine wote wakiwemo, kwa ruhusa yao, na faili za asili mzitunze sehemu mbili, diski ya nje na sehemu nyingine tofauti na hiyo. Na msinambie mibuyu ipo tu, itaendelea kuwepo. Mwaka 2018 watafiti waliopima umri wa mibuyu mikongwe kusini mwa Afrika walitoa taarifa kwamba kati ya 13 iliyo mikongwe zaidi, 9 ilikuwa imekufa yote au sehemu zake kongwe zaidi ndani ya miaka kama 12 tu, na mmoja wa Zimbabwe ulikuwa umeishi zaidi ya miaka 2,000. Hiyo hakuna aliyeikata. Sasa wa kwenu ambao uko katikati ya viwanja vilivyopimwa mnaupa muda gani?

6. Rudini kwenye mti uleule

Mbuyu mmoja kwa mwaka ni miti minne. Kiangazi hauna jani, matawi yote wazi, hapo ndo unapiga umbo lake dhidi ya anga la alfajiri. Mvua zikikaribia maua yanakuja, meupe, makubwa, yananing'inia kichwa chini, na yanafunguka jioni giza likiingia, mkae pale na tochi ndogo muone petali zinavyojikunja nyuma, halafu popo wanaanza kuja. Kesho yake mchana ua limeshakuwa la kahawia linadondoka. Wengi wenu mmekulia Dodoma, mmekula ubuyu tangu utotoni, na ua lake hamjawahi kuliona likiwa wazi kwa sababu saa hiyo mmeshafunga begi! Baada ya mvua za kwanza hewa inaoshwa, kutoka Ntyuka unaona vilima vya mbali ambavyo Septemba vilikuwa vimefutika kwenye vumbi. Na Juni Julai usiku usio na mwezi, ukitoka nje kidogo ya taa za mji, Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota, inapita juu ya kichwa chako, ISO 3200, sekunde 15 mpaka 20, lenzi wazi mpaka mwisho. Msiende peke yenu usiku.

Droni nimeulizwa sana. Zinahitaji usajili na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, pamoja na Wizara ya Ulinzi, na hapa ni makao makuu ya nchi, usirushe kwanza ndo uulize. Hata kamera ya kawaida ukiwa Mlimwa au njia ya Mtumba, kwenye majengo ya serikali, angalia unaielekeza wapi.

Mvua zikianza tu tunatoka upande wa Hombolo, kuona bwawa na ile mibuyu ya mashambani. Tunaondoka saa kumi na nusu alfajiri, siyo saa kumi na moja na nusu, siyo "niko njiani". Njooni na maji, viatu vya kufunga, kadi tupu, na betri mliyochaji jana yake. Atakayekuja na betri imeisha atabeba tripodi za wenzake siku nzima, na nitahakikisha anapigwa picha akiwa amezibeba.