Vijana mnaoingia kwenye wayalesi, kabla hamjaagiza mzigo

Mwezi huu nimekaa vikao kadhaa na vijana wanaotaka kufunga mita za maji zinazojisoma zenyewe, wengine traka za malori, na kila kikao ubishi ni uleule, LoRaWAN au NB-IoT, yaani mitandao ya vifaa vidogo vinavyotuma data kidogo kidogo, wa kwanza unaweza kuujenga mwenyewe, wa pili ni wa kampuni za simu. Huyu ana jedwali la umbali, yule la spidi, mwingine anaapa betri itakaa miaka kumi, wanabishana mpaka chai inapoa na hakuna hata mmoja aliyeuliza hicho kifaa nani atakuwa bado anakitengeneza miaka mitano ijayo. Jamani nawapenda, na kwa akili mmetuzidi sisi wa enzi za WiMAX, ile intaneti ya redio iliyoshindwa na 4G ya LTE, ila mnaniudhi kweli mkianza kurudia makosa yetu yaleyale. Naandika haraka haraka, mnivumilie.

1. Standadi haishindi kwa sababu ni nzuri, inashinda kwa sababu ina wanunuzi wengi wa chipu. Sprint ya Marekani ilitangaza WiMAX Agosti 2006 na hoja yao ilikuwa na mashiko, WiMAX ipo tayari, LTE bado ni makaratasi, na ni kweli 3GPP, wale wanaoandika standadi za simu, walikuja kufunga Release 8, toleo la kwanza lenye LTE, mwishoni mwa 2008 wakati Sprint wameshawasha WiMAX Baltimore. Clearwire, waliokuwa wanajenga WiMAX pamoja na Sprint, nao wakamiminiwa dola bilioni 3.2 na kina Intel, Google na Comcast. Sasa angalieni upande wa pili, Verizon, washindani wa Sprint, walishasema tangu Novemba 2007 kwamba wao ni LTE, na nyuma yao kuna kampuni za simu za GSM dunia nzima ambazo njia yao ya kawaida kutoka 3G ilikuwa hiyohiyo LTE. Mtengeneza simu akipiga hesabu atamtengenezea nani? Desemba 2009 TeliaSonera, kampuni ya simu ya Ulaya, wakawasha LTE Stockholm na Oslo, Agosti 2011 Clearwire wenyewe wakatangaza wanajenga LTE, na Novemba 2015 Sprint wakaanza kuizima WiMAX yao. Walitangulia miaka na bado haikusaidia. Kwa hiyo kabla ya jedwali la spidi niwekeeni jedwali la nani ananunua chipu na nani anaiuza. Chipu ikiwa ina muuzaji mmoja tu, huyo ndiye atakayewapangia bei.

2. "Baadaye mtaapgredi kwa programu tu." Hii ahadi ya wauzaji nitaisema kwa kirefu maana mpaka leo inaniuma.

Kampuni ya intaneti niliyokuwa nafanya kazi hapa Dar ilinunua mitambo ya WiMAX ya 3.5 GHz, ile ya standadi ya 802.16d, ya kufunga juu ya paa. Wakati huo toleo lililofuata, 802.16e, lilishapitishwa, ndiyo iliyokuwa inazungumzwa kila mahali, na muuza mitambo akatuonyesha slaidi yenye mshale kutoka d kwenda e, juu ya mshale kimeandikwa neno programu. Mkurugenzi akafurahi, akaagiza mzigo mkubwa wa CPE, yaani kile kifaa cha kupokelea kwa mteja, ili tupate punguzo. Nyie mnajua d na e hazisalimiani, d ni OFDM, e ni OFDMA, namna mbili tofauti za kupanga mawimbi, ukitaka kuhama unabadilisha kadi za redio mnarani na CPE kwa kila mteja, hakuna programu ya kukuokoa hapo. Wahandisi wetu walijua pia, ila kwenye kikao cha manunuzi walialikwa watu wa fedha tu.

Na kufunga CPE moja sio kazi ndogo. Fundi anapanda paa la ghorofa Kariakoo na bomba la chuma begani, anafunga, anazungusha antena taratibu akisoma SNR, yaani mawimbi yanavyoizidi kelele, kwenye laptop jua linamwakia, akipata namba nzuri anakaza, anashusha kebo, halafu viunganishi vyote anavizungushia tepu ya mpira tabaka kwa tabaka kwa sababu chumvi ya baharini inakula pini mapema sana. Mteja naye analipia kifaa hela nyingi, anaambiwa hiki ni cha muda mrefu.

Haukupita muda modemu za 3G za kuchomeka zikajaa madukani. Karani wa clearing ananunua yake, anachomeka, anafanya kazi, anatoka nayo mpaka bandarini. Sisi tuna stoo imejaa maboksi hayajafunguliwa, na ikaja barua pepe kwamba ile laini ya bidhaa inafungwa. Tukaanza kufungua CPE mpya kutoa adapta ili kurekebisha za zamani. Mama mmoja mwenye shule, mteja wetu wa mwanzo kabisa, aliyetuletea wateja wengine, akaja ofisini na risiti yake mkononi akauliza, "Wanangu, mlikuwa mnajua?" Ofisi nzima kimya. Tukachimba mkataba tumbane muuzaji, hamna. Mshale ule ulikuwa kwenye slaidi, kwenye mkataba haukuwemo.

Ahadi ya kuapgredi iandikwe kwenye mkataba, na tarehe yake, na bei, na nani anamlipa fundi anayerudi juu ya paa. Na mhandisi akae kwenye kikao cha manunuzi.

3. Tenganisheni kinachokufa na kinachobaki. WiMAX ya Sprint ilikufa, lakini masafa yake ya 2.5 GHz hayakufa, T-Mobile walipoichukua Sprint Aprili 2020 masafa hayohayo ndiyo yakawa mhimili wa 5G yao. Masafa, sehemu za kuweka mnara, umeme wa uhakika, orodha ya wateja wanaokuamini, huko ndiko hela iende. Redio ipangieni kufutika vitabuni mapema.

4. Kila mtandao unazimwa, hata wa wakubwa. AT&T ya Marekani walipozima 2G mwanzoni mwa 2017, mabasi ya San Francisco yakaanza kupotea kwenye vibao vya vituoni kwa sababu vifaa vyake vilikuwa vinaongea 2G. Sasa nyie mnaniambia NB-IoT ni salama kwa sababu ni ya 3GPP? NTT Docomo wa Japani waliizima yao Machi 2020. Sigfox, mtandao mwingine wa vifaa kama hivi, nao Januari 2022 wakaingia mikononi mwa mahakama Ufaransa mpaka UnaBiz, kampuni ya Singapore, wakawanunua. Betri ya miaka kumi haina maana kama hujamuuliza mwenye mtandao, kwa maandishi, ataubakiza mpaka lini. LoRaWAN angalau kituo cha kupokea unaweza kumiliki mwenyewe, ndiyo maana kwa mita za maji mimi naegemea huko, ila traka ya lori la Tunduma inahitaji mtandao wa simu, hapo msilazimishe.

5. Madogo madogo. Moduli ya redio iwe kwenye kadi yake ya kuchomoka, mita ibaki ukutani. Seva ipokee usomaji bila kujali umekuja kwa redio gani. Anzeni na mtaa mmoja, na punguzo la mzigo mkubwa likataeni mpaka mvua za masika zipite juu ya vifaa vyenu. Idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kifaa iulizeni kabla ya kuagiza, sio kontena likiwa bandarini linahesabiwa siku. Na rasimu ya mkataba wa muuzaji nileteeni kabla hamjasaini, hata Jumamosi nipo, tutausoma kifungu kwa kifungu.