Waridi, Vidukari na Nyuki wa Jirani: Namna Ninavyolinda Bustani Yangu ya Maua Hapa Tabora

Nyumba yetu ipo pembezoni mwa mji wa Tabora, upande wa kuelekea Kwihara, na mbele yake nina bustani ya maua ambayo nimeitunza kwa miaka saba sasa. Ina mashina kumi na moja ya waridi, bogenvilia iliyopanda juu ya uzio, asumini karibu na mlango, pamoja na zinia ambazo huzisia kila mvua za Novemba zinapoanza. Udongo wetu ni wa kichanga na kiangazi ni kirefu, kwa hiyo maua hapa hayapatikani kwa urahisi, na mtu aliyebeba maji kwa ndoo kuanzia Juni hadi Oktoba anapoona wadudu wamejaa kwenye vitumba hushikwa na hasira. Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nitende kosa ambalo ningependa msomaji wangu aliepuke.

Ilikuwa mwezi wa Machi, miaka minne iliyopita. Vitumba vya waridi vilikuwa vimefunikwa na vidukari, ambao wengi wetu huwaita wadudu mafuta, wa kijani kibichi, wamebanana kiasi kwamba ngozi ya kitumba haikuonekana. Nilikwenda kununua dawa ya kiwandani inayoua wadudu wa kila aina, na kesho yake saa tatu asubuhi, maua yakiwa yamefunguka, nikapuliza bustani nzima. Kufikia saa sita niliwakuta nyuki chini ya waridi na zinia, wengine wamekwisha kufa, wengine wakijizungusha juu ya mchanga huku ulimi ukiwa umetoka nje. Jioni alikuja mzee jirani, ambaye mizinga yake ipo kwenye miembe nusu kilomita kutoka kwetu. Baada ya kumwamkia aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, umepiga dawa gani leo?" Katika mkoa ambao asali yake ya miyombo inajulikana nchi nzima, na ambako watu wamesomesha watoto kwa mizinga, swali hilo lilinichoma kuliko kama angenifokea.

Jambo la pili lilijitokeza baada ya wiki tatu. Vidukari walirudi wakiwa wengi kuliko mwanzo, na kiangazi kilipoingia waridi zikashambuliwa na utitiri ambao sikuwahi kuuona hapo kabla. Sababu yake niliielewa baadaye. Kidukari jike huzaa bila kuhitaji dume, huzaa watoto walio hai, na katika joto kama la kwetu watoto hao huanza kuzaa wenyewe baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Maadui wake huongezeka polepole zaidi. Dawa inayoua wote kwa pamoja humwachia kidukari uwanja mtupu, kwa kuwa wachache waliosalimika chini ya majani huzaliana bila mtu wa kuwazuia. Utitiri nao hufaidika kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu dawa nyingi za kuua wadudu huwamaliza wale wanaoula lakini zenyewe haziudhuru sana.

Tangu hapo niliamua kutazama kabla ya kupuliza chochote. Nilichukua kigoda, nikakaa mbele ya shina moja la waridi kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na huko nikaona mambo ambayo sikuwa nayafahamu licha ya kuishi nayo. Sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kwenye shina kwa mstari mmoja. Walipofika kwa vidukari walimgusa kila mmoja kwa vipapasio, mara mbili tatu, naye akatoa tone dogo la majimaji matamu ambalo sisimizi alilinywa na kushuka nalo. Kumbe wanawafuga kama mfugaji anavyofuga ng'ombe wa maziwa, na kama mfugaji, wanawalinda: mdudu mwingine akikaribia, sisimizi humkimbilia na kumuuma. Majimaji hayo hayo yakidondokea majani ya chini ndiyo yanayoota ukungu mweusi kama masizi, ambao watu wengi hudhani ni ugonjwa unaojitegemea.

Kwa hiyo dawa yangu ya kwanza kwa vidukari haikuwagusa vidukari wenyewe. Nilifunga kitambaa kilichopakwa grisi kuzunguka shina la waridi, karibu na ardhi, nikakata matawi yote yaliyogusa ukuta au mimea mingine ili sisimizi wasipate daraja. (Grisi isipakwe moja kwa moja kwenye gome, kwa maana huliunguza.) Baada ya siku nne hivi ulinzi ulipokwisha, maadui wa vidukari waliingia.

Miongoni mwao yupo mmoja ambaye lazima nimtetee, kwa sababu niliwahi kumuua kwa mikono yangu mwenyewe. Wengi wetu tunawajua mende wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, ambao watoto hupenda kuwatembeza kiganjani. Hao ni walaji wakubwa wa vidukari. Lakini mtoto wake hafanani naye hata kidogo: ni mrefu, mweusi wa kijivujivu, ana vidoa vya rangi ya chungwa na mwili wenye vinundu, mithili ya mamba mdogo asiyefika urefu wa ukucha. Nilipomwona juu ya waridi nilidhani ndiye mharibifu, nikamponda. Mmoja wao, kabla hajawa mende kamili, hula vidukari kwa mamia. Ukimwona mamba huyo kwenye kitumba, tafadhali mwache aendelee na kazi yake.

Yupo pia nyigu mdogo sana, mdogo kuliko sisimizi, asiyemuuma binadamu, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Ukitazama vizuri kundi la vidukari utaona baadhi yao wamevimba, wamekauka na kuwa rangi ya hudhurungi kama punje ya mtama, na mgongoni wana tundu la mviringo lililokatwa vizuri. Hapo ndipo nyigu mpya alipotokea. Nikiona hata kumi wa namna hiyo kwenye tawi, sipulizi kitu chochote kwenye tawi hilo, hata maji ya sabuni.

Asiyeamini kwamba nyigu mdogo anaweza kufanya kazi kubwa na akumbuke habari za muhogo, chakula chetu cha kila siku. Katika miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mmea, aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini akaangamiza mashamba katika nchi nyingi. Mwanasayansi wa Uswisi, Hans Herren, na wenzake walimfuata mdudu huyo kwao asili, wakampata nyigu anayemtegemea, wakaanza kumwachia Nigeria mwaka 1981, na kutoka hapo akasambazwa katika nchi nyingi za bara hili. Muhogo ulinusurika, na mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mkulima hakutakiwa kununua wala kupuliza chochote.

Ili marafiki hawa wakae, wanahitaji chakula na maji. Nyigu hao wadogo wakishakomaa hunywa nekta, yaani majimaji matamu ya maua, nao hawawezi kufika ndani ya maua makubwa, kwa hiyo ninaacha giligilani chache zitoe maua katikati ya waridi, maana maua yake ni madogo na yako wazi. Kiangazi ninaweka sahani ya udongo yenye maji na kokoto, ili nyuki na nyigu wapate pa kusimama wasizame. Maji hayo ninayamwaga na kuyabadilisha kila siku ili mbu wasizaliane. Vinyonga, mijusi, vyura na vunjajungu hawafukuzwi kwangu, ingawa ilinichukua muda kuwashawishi wanangu kuhusu kinyonga.

Kuna nyakati ambapo kusubiri hakutoshi, na hapo ninatumia maji ya sabuni. Ninakuna sabuni ya mche, ile ya kawaida ya kufulia, kiasi cha vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, nikakoroga mpaka iyeyuke yote. Sabuni ya unga haifai kabisa kwa sababu huunguza majani. Maji haya humuua kidukari yanapomgusa tu mwilini, na yakishakauka hayana nguvu tena, ndiyo maana ni lazima yaelekezwe chini ya majani na ndani ya mikunjo ya machipukizi. Kabla ya kupuliza mmea mzima ninajaribu jani moja, nikasubiri siku mbili. Ninapuliza jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, wala sipulizi juani.

Kwa viwavi na wadudu wengine wanaotafuna majani, ninategemea mwarobaini, na hapa nina maoni tofauti na majirani zangu wengi ambao huchemsha majani yake. Nguvu kubwa ya mwarobaini ipo kwenye mbegu, si kwenye majani, na kuchemsha hupunguza nguvu hiyo. Ninaokota matunda yaliyoiva na kuwa ya njano, ninamenya nyama yake kwa maji, kisha ninaanika mbegu juu ya jamvi kivulini mpaka zikauke kabisa, kwa sababu mbegu iliyoota ukungu haifai. Zilizokauka ninazihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa. Siku ya kazi ninabangua maganda, ninatwanga gramu 50 za kiini kwa kila lita moja ya maji, ninaloweka usiku kucha, ninachuja kwa kitambaa cha khanga iliyochakaa, ninatia sabuni kidogo ili maji yashike kwenye majani, na ninapuliza jioni ya siku inayofuata. Jua huiharibu dawa hii upesi.

Msomaji asitarajie kuona viwavi wakianguka kesho yake. Kiini cha mbegu kina kemikali iitwayo azadirakitini, ambayo humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua ngozi ili akue. Kiwavi ataonekana yupo hai siku tatu au nne, ila ukichunguza utaona hatoboi majani mapya. Wengi hukata tamaa siku ya pili na kurudi dukani, na hilo hunisikitisha. Nitoe pia tahadhari moja: mafuta na maji ya mbegu za mwarobaini yasiachwe mahali ambapo watoto wanaweza kuyafikia, kwa maana mafuta hayo yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa.

Sasa tumbaku. Katika mkoa wetu mabua na vumbi la tumbaku hupatikana bure, na nimeshauriwa mara nyingi niviloweke na kupuliza. Sifanyi hivyo, na ninawaomba wenzangu wasifanye. Nikotini ni sumu kali inayopenya ngozi ya binadamu. Wanaovuna majani mabichi yenye umande wanajua kichefuchefu na kizunguzungu chake. Huua nyuki sawasawa na dawa ya dukani. Zaidi ya hayo, tumbaku hubeba virusi vinavyoyafanya majani kuwa na mabaka, vile ambavyo Martinus Beijerinck wa Uholanzi alivieleza mwaka 1898 na kuvipa jina la virusi, navyo huenezwa kwa mikono na majimaji ya mmea hadi kwenye petunia, nyanya na pilipili. Utupa nao, ambao wazee waliutumia kuvulia samaki, na pareto ya Nyanda za Juu Kusini, zote ni za asili, lakini utupa huua samaki na pareto huua nyuki ikiwagusa. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama, na mimi hupima kila dawa kwa swali la mzee jirani.

Utitiri ni suala la kiangazi, hasa Septemba na Oktoba, wakati vumbi la barabarani limefunika majani. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vidoa vinavyotembea, ndio wenyewe. Vumbi huusaidia utitiri na huwazuia maadui wake, kwa hiyo ninaosha majani kwa maji yenye msukumo, upande wa chini, mara mbili kwa wiki. Kazi hii ninaifanya asubuhi ili majani yakauke, kwani waridi lililolala na majani yaliyolowa hupata madoa meusi. Konokono wa masika ninawaokota usiku kwa taa, na sina mbinu nyingine iliyonifaa.

La mwisho ni miche mipya, maana wadudu wengi huingia nyumbani kwa mlango huo. Mche wowote ninaoletewa, hata ukitoka kwa ndugu yangu, hukaa chini ya mwembe siku 14 mbali na mingine. Mwaka jana dada yangu aliniletea asumini kutoka Kigoma, ikiwa nzuri, haina hata jani lililokunjika. Siku ya tisa niliona kwenye kwapa la jani la tatu kitu cheupe kama pamba, si kikubwa kuliko punje ya mchele. Alikuwa kidung'ata, na chini yake kulikuwa na mayai. Nilimfuta kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, nikapitia kila kwapa la jani hadi chini, nikarudia baada ya siku tano na tena baada ya siku kumi, ndipo nikaiingiza bustanini.