Nyenje ndani ya nyumba: dawa ya kopo haifiki wanakotagia

Mkuu, umesema kelele zimeanza masika, jikoni na stoo. Umemaliza makopo matatu ya dawa, kimya kinadumu siku mbili halafu zinarudi, na sasa kanga zilizokuwa kwenye boksi zimetoboka. Usinunue kopo la nne. Dawa ile inamuua nyenje aliyeguswa nayo, lakini mayai yamo kwenye udongo au mchanga wenye unyevu ambako haifiki kabisa. Kwa joto la Dar mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, na watoto hukomaa kwa kama miezi miwili. Kazi yenyewe ni kukausha wanakotagia na kuziba wanakopita. Dawa inakuja mwisho, tena kidogo.

Kwanza mfunike mmoja kwa glasi, pitisha karatasi ngumu chini yake, umwangalie vizuri, maana wanaoingia majumbani si wa aina moja. Akiwa mweusi, mnene, mwenye madoa mawili ya manjano pale mabawa yanapoanzia, huyo ni wa nje. Anaruka kwa mabawa na anafuata taa, na ukirekebisha taa na milango umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Akiwa mdogo, rangi ya majani makavu, mwenye mikanda miwili ya kahawia iliyokolea inayokatiza mgongoni, huyo hawezi kuruka angani. Ameingia kwa miguu, anaishi humo humo na pengine anazaliana humo. Kwa dalili ulizotaja, hasa jikoni na stoo, huyu wa pili ndiye ninayemshuku. Angalia na nyuma yake: wote wana vijinyuzi viwili, lakini jike ana kitu cha tatu katikati, kirefu kama sindano, cha kutagia.

Kelele isikudanganye kuhusu idadi. Anayelia ni dume peke yake, kwa kusugua mabawa ya mbele, na dume mmoja nyuma ya friji anaweza kukukesha usiku kucha. Majike na watoto wako kimya. Kwa hiyo kimya cha siku mbili baada ya kupuliza kinamaanisha dume amekufa au amenyamaza, basi. Kumtafuta kwa sikio ni kazi kwa sababu mlio ni mwembamba, kilohezi 4 hadi 7 hivi, na kwenye chumba chenye vigae unagonga kila ukuta. Msimame watu wawili kwenye pembe mbili tofauti, kila mmoja anyooshe kidole anakosikia, kisha mtafute pale mistari inapokutana. Tembeeni pekupeku, kwa sababu anahisi mtikisiko wa sakafu na kunyamaza. Akinyamaza, simameni dakika tatu bila kusogea, ataanza tena.

Sasa nenda stoo na macho ya mfugaji. Kenya kuna watu wanaowafuga nyenje kwa ajili ya chakula, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo wamewafanyia kazi. Banda la nyenje lina vitu vichache tu: trei za mayai ya kuku za kujificha, joto, pumba au unga wa kula, maji kidogo, na pamba au mchanga mbichi wa kutagia. Linganisha na stoo yako. Maboksi yaliyopangwa sakafuni ndiyo trei. Mota ya friji ndiyo joto. Unga uliomwagika chini ya gunia, au sahani ya mbwa inayolala na mabaki, ndicho chakula. Kinachobaki ni sehemu ya kutagia, na hiyo ndiyo watu wengi hawaitafuti.

Itafute hivi. Anza na bomba la maji ya AC: likidondoka chini ya ukuta, mchanga wa pale haukauki mwaka mzima. Refusha bomba kwa mpira hadi kwenye mfereji. Halafu vyungu vya maua vilivyo barazani au ndani. Udongo wake ni mahali bora kabisa pa kutagia. Vitoe nje mita chache kutoka mlangoni, mwaga maji ya kwenye visahani, na acha udongo wa juu ukauke kwa kina cha sentimita 3 kabla ya kumwagilia tena. Angalia mchanga kati ya pevingi zilizo kwenye kivuli, chini ya sinki linalovuja, trei ya maji nyuma ya friji, na rundo la kifusi, tofali au mbao za ujenzi lililoegemea ukuta. Rundo hilo lihamishwe, si kufunikwa na turubai, maana turubai linahifadhi unyevu.

Mianya unaipima usiku. Zima taa ndani, mtu amulike tochi kutoka nje chini ya mlango na kuzunguka fremu, wewe ukae ndani. Mwanga unapopita, mtoto wa nyenje anapita, kwani akianguliwa ana urefu wa milimita 2 au 3 tu. Funga mpira wa chini ya mlango unaogusa kizingiti sawasawa. Ukining'inia juu hata kidogo umepoteza hela. Pale mabomba yanapoingia ukutani chini ya sinki, fundi mara nyingi anaacha tundu kubwa kuliko bomba. Jaza saruji, kisha malizia kwa silikoni kuzunguka bomba. Kwenye matundu ya hewa weka wavu wa mbu wa waya, wa nailoni wanautafuna. Bafu lisilotumika lina shida yake: maji yaliyo kwenye kona ya bomba la sakafuni hukauka, njia ya kutoka chemba ikabaki wazi. Mimina lita moja kila wiki. Na mfuniko wa chemba uliovunjika ubadilishwe.

Taa ya nje: balbu nyingi madukani ni nyeupe ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), na mwanga huo unawaita wadudu. Weka ya manjano ya kelvini 2700, namba imeandikwa kwenye boksi la balbu. Kama unaweza, iondoe juu ya mlango uifunge kwenye ukuta wa fensi, imulike kuelekea nyumba.

Mitego ifanye kazi mbili, kupunguza na kuhesabu. Chukua molasi ya kulishia ng'ombe, au sukari guru iliyoyeyushwa, sehemu 1 kwa maji sehemu 10. Mimina kina cha sentimita 3 kwenye kopo la nusu lita. Nje ya kopo funga kitambaa kikwaruzo ili wapande. Ndani, kwenye ukuta wa kopo juu ya usawa wa maji, paka mafuta ya kula ili wateleze. Liegemeze kwenye ukuta, si katikati ya chumba, maana nyenje hutembea akifuata ukingo. Weka manne: nyuma ya friji, pembe mbili za stoo, na karibu na mlango wa nyuma. Badilisha kila siku ya tatu, kwa sababu likichacha sana linaleta nzi. Usiku laza pia kipande cha trei ya mayai chenye pumba na pamba iliyoloweshwa. Alfajiri kiinue haraka ukikung'ute kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Pamba itupwe kila asubuhi. Ukiisahau wiki nzima umewafugia.

Baada ya hapo ndiyo dawa. Ndani, weka poda ya asidi ya boriki (boric acid) kwenye mianya ya nyuma ya kabati na chini ya friji, nyembamba kiasi cha vumbi. Ukiweka fungu wanalizunguka, na ikilowa haifai tena. Isiwekwe anakofika mtoto wala karibu na chakula. Nje, tumia dawa ya maji yenye deltametrini au saipametrini iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani, kwa kipimo cha kwenye lebo, jioni isiyo na mvua. Puliza chini ya ukuta kwenda juu sentimita 30 na ardhini kama mita moja. Rudia baada ya wiki tatu kuwapata walioanguliwa. Paka na samaki hudhurika na dawa hizi, kwa hiyo paka afungiwe hadi ikauke. Kuku nao wasiachiwe eneo hilo, watakula nyenje waliokufa. Naomba sana, dawa ya shambani isiingizwe ndani, na usikubali kuuziwa dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui tofauti.

Mjusi kafiri aliye ukutani mwache. Anakula nyenje usiku kucha, hasa wale wadogo ambao huwaoni.

Kuhusu kanga: nyenje hutafuna pamba, hariri na sufu, na huanza na nguo yenye jasho au doa la chakula. Fua zote, zikauke kabisa juani, kisha zihamishie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Boksi la karatasi lichome.

Andika tarehe na idadi ya waliokamatwa kila unapobadilisha mitego, kwa wiki 10 hadi 12. Wiki mbili za mwanzo idadi inaweza kupanda, usishtuke, mitego inawavuta waliokuwa wamejificha. Ukipata wakubwa peke yao, wanaingia kutoka nje, rudia kipimo cha tochi. Ukiendelea kupata wadogo wasio na mabawa baada ya wiki ya sita, bado kuna mahali pabichi ndani au ukutani. Hapo fungua ubao wa chini ya kabati la sinki, ule ambao fundi aliupigilia misumari na hakuna aliyewahi kuutoa.