Majimbo ya Ujerumani yana sauti gani katika serikali ya shirikisho?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu amekwenda kusoma Ujerumani, na tangu aondoke nafuatilia habari za nchi ile. Nasikia ina Rais na Kansela, tena ina Bundestag na Bundesrat. Shuleni tulifundishwa kwamba dola ina mihimili mitatu: Serikali, Bunge na Mahakama. Hawa wote wamo katika mhimili upi, na yale majimbo 16 yana sauti gani? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu Msomaji, mihimili hiyo mitatu ipo Ujerumani pia, kwa mujibu wa Katiba iliyotangazwa tarehe 23 Mei 1949. Bundestag ni bunge linalochaguliwa na wananchi, nalo ndilo linalomchagua Kansela, ambaye huongoza serikali. Rais ni mkuu wa nchi lakini haongozi serikali. Kazi zake ni pamoja na kutia saini sheria. Wabunge hawawezi kumwondoa Kansela kwa kura ya kutokuwa na imani naye mpaka katika kura hiyo hiyo wamchague atakayeshika nafasi yake, na ndivyo Helmut Schmidt alivyompisha Helmut Kohl tarehe 1 Oktoba 1982.

Uzito wa swali lako uko kwenye Bundesrat. Wengi huiita seneti, na kwa maoni yangu jina hilo linapotosha. Seneta wa kaunti nchini Kenya huchaguliwa na wapiga kura wa kaunti yake, ilhali mjumbe wa Bundesrat hutumwa na serikali ya jimbo lake, naye huwa ni waziri mkuu wa jimbo au mmoja wa mawaziri wake. Kwa hiyo ni serikali za majimbo zenyewe zinazoketi katika chombo cha shirikisho na kutunga sheria. Kura zote ni 69: jimbo dogo kama Bremen lina 3, kubwa kama Bavaria lina 6, na kura za jimbo moja hazigawanyiki, yaani zote ziwe za ndiyo, au zote za hapana.

Ugumu wa sharti hilo ulionekana tarehe 22 Machi 2002, ulipofika mbele ya Bundesrat muswada wa sheria ya uhamiaji. Jimbo la Brandenburg, lenye kura 4, lilikuwa likitawaliwa na vyama viwili visivyokubaliana juu ya muswada huo. Jimbo lilipoitwa, waziri wake mmoja akasema ndiyo, mwingine akasema hapana. Mwenyekiti wa kikao, Klaus Wowereit, akamgeukia waziri mkuu wa jimbo, Manfred Stolpe, aliyejibu ndiyo, na kura zote 4 zikaandikwa kuwa za kuunga mkono katikati ya kelele za waliopinga. Muswada ukapita kwa kura 35, ambazo ndizo hasa zilizohitajika. Majimbo yaliyopinga yalikwenda Mahakama ya Katiba, na tarehe 18 Desemba 2002 mahakama hiyo ikaamua kwamba Brandenburg haikuwa imepiga kura moja, hivyo sheria nzima ikabatilika.

Hata katika mhimili huo wa tatu majimbo yana mkono wao, kwani nusu ya majaji 16 wa Mahakama ya Katiba huchaguliwa na Bundestag na nusu na Bundesrat, kila mmoja kwa kipindi kimoja cha miaka 12 kisichorudiwa.

Liko jambo jingine litakalomgusa kijana wako moja kwa moja. Sheria nyingi za shirikisho hutekelezwa na majimbo, si na wizara za Berlin. Sheria ya ukaazi wa wageni ni ya shirikisho, lakini kibali chake atakiongeza muda katika ofisi ya wageni ya mahali anapoishi, na chuo kikuu cha umma anachosoma huwa chini ya sheria za jimbo.